Ng'ombe wa Ukutani

Nilipopewa nyumba ya serikali mjini Kakamega, ile miaka ya mwanzo ya Uhuru, kitu cha kwanza kuninyima usingizi kilikuwa ukuta. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo: chumba cha kulala, jiko la nje, na sebule yenye dirisha moja linalotazama barabara ya vumbi jekundu. Aliyekaa humo kabla yangu alikuwa karani mwenzangu, naye alipohamishwa aling'oa kila alichokuwa amepachika, hata misumari. Ukuta wa sebule, ule unaokutana nao mara tu unapofungua mlango, ulibaki mtupu.

Mtu mwingine angeweka kalenda, akaendelea na maisha. Mimi sikuweza. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na nilikuwa hivyo hata nikiwa mtoto. Nikifunga kufuli narudi kulitikisa. Nikiandika barua ya ofisi na herufi moja ikapanda juu ya mstari, naitoa kwenye mashine na kuanza upya, hata kama mkubwa wangu amesimama mlangoni akiingoja. Sikumaliza shule, karo ilikatika, na karibu kila nilichokijua nilijifundisha mwenyewe. Kupiga chapa nilijifunza kwa kuchora vitufe kwenye kipande cha katoni na kuvigonga jioni hadi vidole vikajua njia. Mtu aliyejifundisha hivyo haamini kwamba anajua. Kila siku anangoja mwenye vyeti aje amwambie kwamba amekosea tangu mwanzo.

Mambo ya kupamba nyumba nayo nilijifundisha. Katika karatasi za kutupwa pale ofisini nilipata gazeti la Kizungu la picha, lenye kurasa nyingi kuhusu sebule. Nililisoma mpaka likachanikachanika. Lilisema picha ya ukutani ikae usawa wa macho, isiwe nyembamba kuliko kiti kilicho chini yake, na ichukue rangi moja iliyomo tayari chumbani. Niliyashika maneno hayo kama amri. Viti vyangu vya mbao vilikuwa na matakia ya kahawia, aliyonishonea dada yangu mkubwa aliyeolewa Khayega. Kwa hiyo nilijua kwamba picha yangu, iwe ya nini, lazima iwe na kahawia.

Haraka yote hiyo ilitokana na shangazi wa mchumba wangu.

Mchumba wangu alikuwa akisomea ualimu Butere. Posa ilikuwa imepokewa, lakini kwetu, kabla mahari hayajakamilika, upande wa msichana hutuma watu waje kuona mahali binti yao atakapokaa. Kwa jamaa ile, wa kutumwa alikuwa huyo shangazi, senge wao, dada mkubwa wa baba mkwe. Neno lake lilikuwa ndilo neno la mwisho. Alikuwa ameshamkataa mwanamume mmoja aliyetaka kumwoa mdogo wake mchumba wangu, kwa sababu alikuta kwake sufuria imefunikwa na mfuniko wa sufuria nyingine. Mchumba wangu alinisimulia habari hiyo huku akicheka. Mimi nilirudi nyumbani nikapanga sufuria zangu zote sakafuni, kila moja na mfuniko wake.

"Shangazi anaangalianga usafi tu," aliniambia. "Hayo mengine usijisumbue."

Nilijisumbua.

Karibu na soko kulikuwa na fundi wa mabango, kijana wa rika langu, aliyeandika majina ya maduka na bei za vinyozi. Kazi ikipungua alichora picha kubwa za rangi ya mafuta. Alitumia turubai, lile la kufunikia mizigo ya malori. Alikata sehemu nzima zisizo na matundu, akazipaka rangi nyeupe mara mbili na kuziwamba kwenye fremu za mbao. Wakati ule watu wengi walikuwa wakihamia nyumba ambazo zamani walikaa wengine, na kila mmoja alitaka kitu chake ukutani. Fundi hakukosa wateja.

Nilikwenda kwake mara nyingi mno. Zilikuwepo picha nne zenye ukubwa niliotaka. Ya kwanza ilikuwa ya simba aliyelala juu ya jiwe. Ya pili ilikuwa ya msitu wetu wa Kakamega, miti mirefu na nyani mmoja akichungulia. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke aliyecheka, amefunga kitambaa cha manjano kichwani. Ya nne ilikuwa ya ng'ombe wakirudi nyumbani jioni, kundi zima, vumbi likipanda nyuma yao.

Safari ya mwisho nilikwenda na dada yangu, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo sikujiamini kusema hata ipi kubwa na ipi ndogo.

"Huyo amerudi," fundi alisema aliponiona, akiwa juu ya ngazi. "Kaka, unanunua picha au unaiposa?"

"Anaiposa," dada alijibu. "Bado hajatuma wazee."

Nilisimama mbele ya simba. Dada akatikisa kichwa. "Wageni wafungue mlango wakutane na simba? Watakimbilia barabarani na chai hawajanywa."

"Na huyu?" nikauliza, nikionyesha yule mwanamke.

"Huyu ni nani?"

"Si mtu. Ni picha."

"Wewe ni kijana hujaoa, unakaa peke yako, na mwanamke anacheka ukutani kwako. Shangazi akiniuliza huyu ni nani, nitamwambia ni picha?"

Fundi alicheka hadi ngazi ikatikisika. Ukabaki msitu na ng'ombe. Msitu niliupenda, naungama hivyo, na nadhani ulichorwa vizuri kuliko zote. Lakini ulikuwa kijani kitupu. Nilikuwa nimebeba takia moja kwenye mfuko, nikaliegemeza kwenye fremu ya msitu, kisha kwenye fremu ya ng'ombe. Kwenye ng'ombe lilipotea. Kahawia ya takia na kahawia ya migongo yao zilikuwa kama zimetoka kwenye mkebe mmoja.

"Hii," nikasema.

"Una hakika?" dada aliuliza. Ninakumbuka kwamba aliniangalia kidogo zaidi ya kawaida. "Ng'ombe?"

"Angalia rangi."

Aliangalia rangi. Hakusema lingine, na baadaye aliniambia alidhani nilikuwa nimekwisha kulifikiria.

Baba mdogo alifika siku moja kabla ya wageni. Baba yangu alikuwa ameshafariki, na yeye ndiye aliyesimamia mazungumzo yote ya mahari. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na kwa miezi kadhaa alikuwa amewaeleza wakwe, kwa subira kubwa, kwamba ugonjwa uliopita kwetu Kabras ulitumalizia mifugo. Hilo lilikuwa kweli. Aliwaomba watupokee na wachache tulionao, wengine wafuate polepole. Wakwe hawakukataa, ila hawakukubali pia. Walisema watangoja senge arudi na habari.

Alinikuta nimeshika nyundo, kamba na penseli.

"Lete nikusaidie," alisema, akapanda juu ya kiti na kuinua picha mpaka karibu na dari. "Hapa?"

"Hapana, baba mdogo. Chini."

Akashusha kidogo. "Hapa?"

"Chini zaidi. Usawa wa macho."

"Macho ya nani?"

Swali hilo sikuwa nimelitegemea. Gazeti halikusema. Nikajipima mwenyewe, nikaweka alama ya penseli mbele ya macho yangu.

"Picha inawekwanga juu," alisema, bado akiwa kwenye kiti. "Karibu na dari, uifunge kamba iiname kidogo, ndiyo iwaangalie watu. Nyumba zote ziko hivyo. Chini hapo mtu ataiegemea na kichwa chenye mafuta."

Nilimheshimu sana baba mdogo, lakini niliogopa gazeti zaidi. Nikapigilia msumari kwenye alama yangu. Nikasogea hadi mlangoni, nikarudi, nikainyoosha, nikasogea tena. Baba mdogo alikuwa ameketi akinywa chai, ameipa picha mgongo. Yeye naye hakuona chochote. Kwake ilikuwa picha tu iliyowekwa mahali pabaya.

Wageni walifika mchana, senge na wanawake wawili wa jamaa yake waliokuja kumsindikiza. Alikuwa mama mrefu na mkavu, aliyebeba mwavuli uliofungwa ingawa mawingu hayakuwapo. Kwa adabu zetu, mwoaji hasemi siku kama hiyo. Anakaa karibu na mlango, anatazama sakafu, na wenzake ndio wanaomsemea. Nilijibu salamu yake ya mulembe, nikakaa kwenye kigoda changu.

Dada aliwakaribisha viti. Wale wawili waliketi. Senge hakuketi. Alisimama katikati ya sebule na mwavuli wake, akitazama ukuta.

Kama picha ingekuwa juu karibu na dari, angeona vumbi na rangi ya kahawia, akaketi. Lakini ilikuwa usawa wa macho yangu, na senge alikuwa mrefu kama mimi. Aliisogelea mpaka pua yake ikakaribia turubai. Alimtazama ng'ombe wa kwanza, akahamia kwa wa pili, akaenda hivyo hivyo hadi mwisho wa kundi bila haraka, kama mtu aliye mnadani. Wengine aliwagusa kwa ncha ya kidole. Nilidhani ameona mguu.

Nieleze habari ya mguu. Nyuma ya kundi kulikuwa na ng'ombe ambaye miguu yake haikueleweka. Nilikuwa nimeigundua kasoro hiyo baada ya kuifikisha picha nyumbani: mguu mmoja wa nyuma ungeweza kuwa wake au wa jirani yake, na usipokuwa wake basi alisimama kwa mitatu. Nilikuwa nimeihangaikia usiku mzima. Basi senge alipoinama pale mwishoni, nilihofia mguu huo tu.

Aliinuka, akageuka, akamtazama baba mdogo.

"Baba," alisema, "si ulituambia ng'ombe wenu waliisha kwa ugonjwa?"

"Ndiyo, mama. Waliisha."

"Kumbe mmewaficha huku!"

Wale wanawake wawili walipiga makofi na kucheka. Baba mdogo aligeuka kuangalia picha. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliiona. Uso wake ulibadilika, nami, niliyekuwa natazama sakafu kwa jicho moja na watu kwa jicho la pili, hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimewaalika wakwe tunaowalilia kwamba hatuna ng'ombe, nikawaketisha mbele ya kundi zima, tena wote wanene.

"Hao ni wa rangi tu, mama," baba mdogo alisema.

"Hata mimi ninaona rangi zao. Wazuri. Sasa, mtu akikosa chumvi, anachora chumvi ukutani?"

"Hapana, mama."

"Mtu anachora alichonacho. Au anachotaka kutuonyesha kwamba angetupa, kama sisi tungekuwa watu wa maana kwake."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Dada alianza kusema kitu kuhusu chai, sauti yake ikafifia. Nilimwona mchumba wangu akiondoka maishani mwangu kama yule mdogo wake alivyoondoka kwa mwanamume wa sufuria. Nikasahau adabu.

"Ni kwa sababu ya matakia," nikasema.

Wote walinigeukia. Baba mdogo alifumba macho.

"Anasema nini?" senge akauliza, si mimi bali dada.

"Anasema ni kwa sababu ya matakia, mama."

"Matakia gani?"

Nilikuwa nimeshavunja adabu, kuivunja zaidi hakungenidhuru. Nikainuka, nikachukua takia kutoka kiti kilichokuwa wazi, nikaliweka kando ya picha na kumweleza habari yote: gazeti, usawa wa macho, rangi moja iliyomo chumbani. Nilimwambia kwamba ulikuwepo msitu mzuri zaidi lakini ulikuwa kijani. Nilisema sikuona ng'ombe. Niliona kahawia. Hata ule mguu nilimwambia, bila kuulizwa.

Senge alitazama takia, akatazama picha, akanitazama mimi. Kisha akawageukia wenzake.

"Mmesikia? Huyu amenunua ng'ombe apate kuvisha kiti."

Walicheka mpaka mmoja akashika ubavu. Senge mwenyewe hakucheka, lakini aliketi, na alipoketi dada alivuta pumzi iliyosikika chumba kizima. Chakula kikaletwa, obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, nao wakala vizuri. Baba mdogo alirudi kwenye maneno yake ya subira. Nikaanza kuamini kwamba tumepona.

Wakiwa wanaaga, senge alisimama tena mbele ya picha. Akaweka ncha ya mwavuli juu ya mtamba mmoja wa mbele, wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

"Huyu ni wangu," alisema.

Katika mahari yetu shangazi ana ng'ombe wake. Hilo halikuwa geni. Baba mdogo, kwa furaha ya kuona wanaondoka kwa amani, akajibu kama mtu anayejibu utani: "Mchukue, mama. Ni wako."

"Umesema mbele ya watu."

"Nimesema."

Walipokwisha kupotea barabarani, baba mdogo aliketi na kushika kichwa. "Nimemwahidi nini?" aliuliza. Dada akamwambia: "Mtamba wa kahawia mwenye baka jeupe." Jibu lilikuja baada ya siku chache, kupitia kwa mchumba wangu: shangazi ameikubali nyumba, na mazungumzo yaendelee kwa ng'ombe wachache tuliotaja, mradi wake aje kama alivyomwona. Asipokuja huyo, asije mwingine.

Baba mdogo alisema ng'ombe ni ng'ombe. Mimi, kwa tabia yangu, nilisema atafutwe yule. Kila Jumamosi tulitoka pamoja. Tulikwenda mnada wa Khayega, tukaenda Malava, tukazunguka Kabras kwa watu tunaowajua. Nililibeba umbo la baka lile kwenye karatasi, nimelinakili kutoka ukutani, na nilikuwa nikiinamia nyuso za ng'ombe huku nimeishika. Wenye ng'ombe walimwuliza baba mdogo kama mimi ni daktari wa mifugo.

"Ni bwana harusi," alijibu.

Tulimpata Lugari, kwa jamaa mmoja aliyekuwa amepewa shamba kwenye ardhi ya mzungu aliyeondoka. Mtamba wa kahawia, mnene, baka jeupe kwenye paji la uso. Lakini baka lake lilielekea jicho la kushoto, na la ukutani lilielekea la kulia. Nilisimama na karatasi yangu nikiigeuza huku na huku. Mwenye shamba alisubiri. Mkewe alituletea mahindi ya kuchoma, tukala, na bado nilikuwa nikigeuza karatasi.

"Mwanangu," baba mdogo alisema taratibu, "unataka mke au unataka baka?"

Tulimchukua. Baba mdogo alimlipia kwa fahali wake mmoja wa mwisho. Njia nzima sikuacha kulitazama lile baka.

Siku ya kupeleka ng'ombe, wakwe walisimama uani kuwapokea. Senge alikuja na mwavuli wake. Alimzunguka mtamba, akamshika pembe, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Watu walisogea karibu, kwa maana kila mtu pale alikuwa amesikia habari ya picha. Mchumba wangu alikuwa mlangoni pa nyumba ya mama yake, mikono ameifunga kifuani.

"Huyu siye," senge alisema.

Baba mdogo alinigeukia. Mimi nililijua kosa, nilikuwa nimelibeba tangu Lugari, na ingekuwa nafuu kwangu kulikiri. Lakini safari hii nilitazama ardhi.

"Wa ukutani baka lake liko huku," aliendelea, akigusa upande wa kulia. "Huyu liko kule. Huyu ni ndugu yake." Akamwachia pembe. "Basi mtaniletea na yule mwingine, wakae pamoja. Sitaki mmoja awe anamlilia mwenzake."

Ilichukua muda kidogo watu waelewe kwamba anataka picha. Kisha uani kukalipuka vicheko, akina mama wakapiga vigelegele, na mchumba wangu akaingia ndani haraka ili asionekane akicheka mbele ya wazee. Mtamba akafungwa kwenye mti. Mambo yakawa yamekwisha.

Picha niliipeleka mwenyewe wiki iliyofuata, nimeifunga kwa shuka. Shemeji zangu waliitundika ndani kwa senge, juu kabisa, karibu na paa, na kamba nyuma ili iiname kidogo. Moshi wa jiko ulipita mbele yake. Kutoka chini hukuweza kusema yupi ana baka, wala nani anasimama kwa miguu mitatu. Nilitaka sana kuomba ishushwe. Senge alinitazama, akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula, mama.

Mke wangu alipohamia Kakamega alikuta ukuta ule ule mtupu, pamoja na msumari wangu kwenye usawa wa macho. Nilimwambia yule fundi bado yuko, na bila shaka ana picha mpya, twende tukachague pamoja.

"Twende," alisema, akitundika ungo kwenye msumari. "Ila usiniletee ya watoto. Senge atakuja kuwachagua."

Tulikwenda. Msitu ulikuwa bado haujanunuliwa. Nilikuwa nimebeba takia kwenye mfuko, naye aliponiona nalitoa, alininyang'anya akalikalia.